Same: Kapeti lilipogoma kufika ukutani

KAMA hujawahi kusafiri na kapeti la mita sita ndani ya basi la kwenda Arusha, wewe bado hujasafiri. Kondakta alilizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, kisha akatamka kwamba ule si mzigo, ni abiria, na abiria hulipa nauli. Mjomba wangu ni Mpare. Sina haja ya kueleza zaidi. Walibishana pale stendi ya Magufuli, Mbezi, tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka dereva alipopiga honi ya mwisho. Tukalipa nusu.

Kilichomuuma mjomba si hela, ni lile kunjo. Kapeti lenye upana wa mita nne likiviringishwa linakuwa gogo la mita nne, na buti la basi halina urefu huo. Ikabidi tulikunje katikati kama chapati. Mjomba alifumba macho. "Kapeti likikunjwa linapata kovu," aliniambia tulipokaa. "Tukifika tulifungue usiku huohuo lipumue."

Safari yenyewe ilikuwa ya Same, kwa bibi mzaa mama. Miguu ilipogoma kupanda milima, wanawe walimjengea nyumba pale chini mjini, vyumba vitatu na sebule, na sisi wajukuu tukachangishana kapeti la ukuta kwa ukuta la hiyo sebule. Kwa nini kapeti wakati watu wote sasa wanaweka vigae? Kwa sababu bibi alitaka kapeti. Halafu Jumamosi washenga wa dada walikuwa wanakuja kutoka Marangu. Wachaga! Watani zetu wa kufa na kuzikana. Bibi alishasema hataki watani wakanyage saruji tupu halafu warudi kwao na la kusimulia.

Mimi ndiye niliyepima chumba, Pasaka nilipokwenda kumsalimia. Mita tatu na themanini kwa mita tano na ishirini. Mjomba aliniuliza mara moja tu, dukani Kariakoo, kabla hajatoa pesa: "Umepima mwenyewe, mjomba?" Nikajibu, nimepima mjomba. Kapeti la upana wa mita nne, chumba cha tatu na themanini, zinabaki sentimita kumi za kukata kila upande. Urefu akachukua mita sita, ili kipande kitakachobaki kikae chumbani kwa bibi, kando ya kitanda. Hesabu safi kabisa. Kumbuka hayo, msomaji, maana ndiyo yaliyonitoa jasho.

Tulipopita Chalinze mjomba akageuza uso dirishani. Pale kuna kiwanda cha vigae, na vigae ndivyo vilivyomnyang'anya tonge. Yeye alianza kutandika kapeti enzi za Mzee Ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumiminika na kila ofisi ya Dar ikataka kukanyaga laini. Mameneja walitandika mpaka bafuni! Leo akipata kazi mbili kwa mwezi anashukuru, nyingi za misikiti na makanisa. Na magoti ndiyo hayo. Fundi kapeti hasimami na hakai, anaishi kwa magoti, na goti ndilo nyundo yake. La kulia limevimba kama embe dodo, na daktari alishamwambia aache. Kazi ya Same alisema ni ya mwisho. Sikumwamini, nimeshasikia "ya mwisho" zake tatu.

Ukishavuka Korogwe, mkonge unaanza. Hapo nikataka kujifanya msomi. Nikamwambia mjomba kwamba mmea huu si wa kwetu, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai na kushika. Kutoka miche hiyo 62, mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000 za katani, ikaongoza dunia. Kisha kamba za plastiki zikajaa sokoni, bei ikaanguka, mashamba yakameza magugu. "Na hilo gogo letu ndani ya buti," nikamalizia, "limesokotwa kwa uzi wa ukoo huohuo wa plastiki. Tunambebea bibi adui wa mkonge! Ulaya sasa wenye nazo wanatandika mazulia ya katani. Tungemletea bibi la katani, angekwenda na wakati."

Mjomba alinitazama muda mrefu. "Usije ukamwambia mama maneno hayo."

Nikanyamaza. Mombo tukanunua matunda. Hedaru nikasinzia. Makanya mjomba akaniamsha kunionyesha vumbi jeupe: hapo ndipo inapochimbwa jasi, ile ile mnayoiita jipsamu, inayokwenda kwenye viwanda vya saruji na kwenye dari zenu za maua huko Tabata na Kimara. Kwa hiyo kijana wa mjini anayejidai na dari lake, kichwani kwake kuna Upare na hana habari.

Same inakupokea kwa upepo. Milima ya Upare Kusini iko palepale juu ya mji, kijani na mawingu yake, na kilele cha Shengena kina mita 2,462, lakini mvua inamalizwa upande wa pili, Gonja na Mamba kwenye tangawizi. Huku chini inabaki harufu yake tu. Mji umekaa kando ya barabara kuu, boda zimejipanga, akina mama wana ndizi na vitunguu, na upande wa mashariki unaanza mbuga wa Mkomazi wenye faru weusi. Basi zinasimama dakika tano, abiria wananyoosha miguu, wanasema "kumbe Same ni hapa tu?" na wanaondoka. Hawajui kwamba mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapa kupinga kodi ya mbiru, na Mwingereza mwenyewe mwishowe akaifuta. Ndiyo maana watani wanasema Mpare akidaiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Semeni tu. Kodi ilifutwa au haikufutwa?

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mmeliacha wapi?"

Hakuuliza safari wala watoto. Alitaka kapeti. Tulipolifungua sebuleni alivua kandambili, akapanda juu yake peku, akasimama katikati bila kusema neno. Rangi ya maziwa na kahawa, manyoya mafupi, limetoka Uturuki. Akachezesha vidole vya miguu. Kisha akatuambia makande yapo jikoni.

Usiku ule likalala limefunguliwa, lipumue. Ijumaa asubuhi mjomba akafungua begi lake.

Mimi nimemjua mjomba miaka yote, lakini vifaa vyake sikuwahi kuvitazama moja moja. Kuna futi. Kuna kisu cha wembe wa kubadilisha, na wembe mpya pakiti nzima, maana wembe butu unang'oa manyoya badala ya kukata. Kuna rula ya chuma, chaki, nyundo, na patasi pana iliyofanywa butu makusudi kwa ajili ya kusukumia kingo. Kuna vibao vyembamba vyenye safu za misumari midogo iliyochomoza juu, yeye anaviita "meno". Vinapigiliwa sakafuni kuzunguka chumba kizima, ncha zikielekea ukutani, na kati ya kibao na ukuta unaacha kanafasi kembamba kuliko unene wa kapeti, pa kufichia ukingo. Ndani ya meno unatandika sponji. Juu ya sponji, kapeti.

Halafu kuna punda. Ni chuma cha urefu wa mkono hivi, mbele kina sahani ya meno makali, nyuma kina mto wa ngozi. Unabandika sahani kwenye kapeti karibu na ukuta, kisha unaupiga mto kwa goti, paa! Kapeti linavutika, linanaswa na meno ya vibao, linabaki limekaza kama ngoma. Bila punda kapeti litajaa mawimbi baada ya mwezi. Na huyo punda ndiye aliyekula goti la mjomba. Ule mto wa ngozi umechakaa upande mmoja, una shimo linalolingana sawasawa na goti lake.

Tukatoa mlango kwenye bawaba, tukatoa viti, na mwisho tukasogeza lile kabati kubwa la vyombo.

Hapo ndipo nilipoona. Nyuma ya kabati kulikuwa na sakafu nyingine, upana wa kabati zima, sentimita arobaini. Pasaka nilipopima, futi yangu ilianzia mbele ya kabati. Sikulisogeza. Nilikuwa nawahi mpira.

Nikapima upya kimyakimya. Mita nne na ishirini.

Mjomba alikuwa amepiga magoti akipigilia meno upande wa dirisha. Nilisimama nyuma yake na futi mkononi nikisikiliza nyundo. Ningeweza kusubiri agundue mwenyewe. Nilifikiria kabisa kusema fundi mjenzi alikosea, au nyumba imetanuka! Pesa ya kapeti ilikuwa mchango wa watu saba, na wa dada ulitoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Nikasema, "Mjomba, nilidanganya. Nilipimia kabati."

Nyundo ikanyamaza. Hakugeuka. "Limepelea ngapi?"

"Shubiri moja."

Akapigilia msumari uliokuwa umebaki nusu. Kisha akakaa chini, akanyoosha mguu mbovu, akacheka kile kicheko cha mtu aliyeibiwa. Nikatoa wazo la kijana wa mjini: turudishe kabati palepale, shubiri yote ijifiche chini yake, washenga watajuaje? Kabla mjomba hajajibu, sauti ikatoka mlangoni.

"Na siku nikihamisha kabati langu?"

Bibi alikuwa amesikia yote.

"Mama, tutaunganisha," mjomba akasema. "Lile la chumbani kwako ndilo litakalotumika."

"Litumike."

Lakini kuunganisha na nini? Kapeti linaunganishwa kwa tepu yake maalumu yenye gundi, inayeyushwa kwa pasi kutokea chini. Tepu na pasi mjomba aliviacha Dar, kwa sababu chumba cha tatu na themanini hakina kiungo. Nikakimbia maduka yote ya vifaa vya ujenzi pale mjini. Gundi ya mpira nikapata. Tepu, wapi! Muuza duka mmoja akanipa tepu ya umeme, akaniambia nayo ni tepu. Niliporudi mjomba alikuwa amejaribu uzi wa cherehani, unakatika kama buibui.

Kumbe zamani, kabla ya tepu, mafundi walikuwa wakishona. Vipande viwili unavilaza uso kwa uso, unashona kingo kwa uzi mnene, unapaka gundi ya mpira usifumuke, unafungua, unabandika kitambaa cha gunia kwa chini. Mjomba aliona wazee wakifanya hivyo alipokuwa mwanafunzi wa kazi. "Nipate shazia na uzi wa kweli," akasema, kama anayezungumza na ukuta.

Bibi akatoka nje. Alirudi na vitu viwili. Shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, imeliwa na kutu kichwani lakini ncha inang'aa. Na kamba ya mbuzi. Mbuzi wa kitoweo cha Jumamosi alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani, bibi amemfungua akamfunga kwa kamba ya nailoni. Akakaa kwenye kigoda, akaifumua kamba mpaka ikawa nywele, akavuta kanga juu ya goti, akaanza kusokota uzi pajani. Mwembamba, wa sawasawa. Akaupitisha kwenye kipande cha mshumaa uteleze.

Ndipo nikasikia habari ambayo mjomba alinizuia kuigusa. Bibi alifanya kazi shamba la mkonge Ndungu, ng'ambo ya milima, tangu hajaolewa. Alikuwa wa kuanika. Nyuzi zinatoka kwenye korona zikiwa mbichi, zinatiririka maji ya kijani yanayowasha, unazibeba mabegani na kuzitandaza kwenye waya juani. Mwaka 2020 dunia nzima ilipotamka neno korona, bibi alishangaa, yeye korona anayoijua ni mashine ile ya kuparua mkonge, ilivuma kutwa na ikala vidole vya watu aliowafahamu. Ngozi ya mikono yake mpaka leo ina mabaka. Aliacha, akaanza kununua mpunga na kuuza, na magunia alikuwa akishona mwenyewe kwa shazia hiyo hiyo.

"Mtoto wa mwajiri alikuwa na kapeti," alisema, macho kwenye uzi. "Nilitumwa barua pale nyumbani kwao. Nikaambiwa nisubiri barazani nisichafue. Nililiona kwa mlangoni." Akasokota kidogo. "Mjukuu wangu, katani nimeibeba. Sitaki kuikanyaga na kuikalia pia."

Nikakumbuka mhadhara wangu wa kwenye basi, na mazulia yangu ya Ulaya. Asante mjomba.

Mjomba akakata lile salio la sentimita sabini, akapata vipande viwili vya urefu wa mita nne. Hapa kuna siri ya ufundi ambayo mnunuzi wengi haambiwi: manyoya ya kapeti yanalala upande mmoja, kama ya paka. Vipande viwili vikilala pande tofauti, rangi itaonekana mbili ingawa kapeti ni moja. Na salio letu lilikatwa kwa upana, kwa hiyo lazima lilale kinyume. Njia ya kukwepa ilikuwa kukata vipande vidogo vidogo vinane na kuviunga kimoja kimoja, viraka vitupu. Mjomba akamweleza mama yake yote hayo. Bibi akachagua vipande viwili, rangi iwe inavyotaka kuwa.

Walishona wote wawili, mama na mwana, kila mmoja ameanzia pembe yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa ya simu, maana umeme ulikatika saa mbili. Mita tano na robo za mishono. Bibi alifika katikati kabla yake.

Gundi ikakauka usiku. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mjomba akajaribu kupiga punda mara tatu, ya nne akashindwa kunyanyuka. Akanitazama. "Piga wewe."

Nikapiga. Ukipiga kwa mfupa wa goti utalia, unapiga kwa nyama ya juu yake kidogo. Ukipiga kwa hasira kapeti linachanika. Unaanzia pembeni, unakwenda kwa upande mmoja, unarudi upande wa pili, na kila pigo unasikiliza meno yakishika, tk, tk. Upande wa mshono mjomba alinikalisha akaweka kiganja juu ya mstari kila nilipopiga. Ulishika. Nikakata kingo, nikazisukumia kwa patasi kwenye kale kanafasi. Saa tatu na nusu nilikuwa nimemaliza chumba, suruali imetoboka goti moja, na bibi alikuwa anapanga viatu vyetu nje kuonyesha wageni mfano.

Washenga walifika saa sita. Wazee wanne wa Kichaga wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, mmoja soksi ina tundu, bibi akaliona na mimi nikaona kwamba ameliona. Mazungumzo ya mahari siwezi kuyaandika hapa, dada atanitoa roho. Kwa kifupi walibisha, tukabisha zaidi. Mzee mkubwa wa msafara akatelezesha kiganja kwenye kapeti akauliza limetandikwa na kampuni gani ya Dar. Bibi akajibu, "Ya nyumbani."

Ule mstari upo. Ukisimama mlangoni asubuhi, jua likiingia, utaona kando ya kabati ukanda wa kahawa iliyokolea. Mjomba kila akipita aliukanyaga kwa dole gumba, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

Jumapili asubuhi nilipoamka kwenda kuaga nikakuta kapeti halionekani. Bibi amelifunika lote kwa mikeka, ukuta kwa ukuta. Vumbi la Same, alisema. Atafunua wakija wageni, au akitaka kukanyaga.

Basi lilichelewa. Pale barabarani, upepo ukitupiga mchanga, mjomba akasukuma begi la vifaa kwa mguu mzima mpaka likagusa kiatu changu. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Basi lilipofika nikalibeba. Kondakta akataka kujua nina mzigo gani humo unaogonga hivyo, nikamwambia punda.

Akataka nauli.